Vifaranga wa wiki 5 wako uchi mgongoni: ni ugonjwa au wanabadilisha manyoya?

Swali:

"Shikamoo daktari. Niko Makambako mkoani Njombe, huku kwenye baridi, nina vifaranga chotara 60, sasa wana wiki 5. Walikuja wazuri wote wamejaa yale malaika, vile vinyoya laini vya kutotolewa navyo, wengi wa njano na wachache wa kahawia. Nilikuwa nawapa stata, kile chakula cha vifaranga cha dukani, ila mfuko umepanda bei, wiki ya 3 nikahamia pumba ya mahindi na mashudu ya alizeti kidogo, na mkaa nao nikaacha kuwasha usiku. Sasa karibu nusu yao wako uchi mgongoni na kiunoni mpaka ngozi nyekundu inaonekana, wakati wenzao wa umri ule ule banda lile lile wana manyoya mazuri tu. Chini nakuta vinyoya, na juzi asubuhi nilikuta wanne wamekufa kwenye kona. Jirani anasema ni ukurutu niwapake oili chafu, dukani wameniuzia OTC na vitamini, siku ya 4 leo sioni mabadiliko. Rangi nazo zimebadilika, wale wa njano wanatoka madoa, nahisi niliuziwa mbegu siyo. Na wale wenye manyoya wameanza kuruka uzio, niwakate mabawa? Naomba msaada nisije nikapoteza wote."

Jibu:

Marahaba ndugu yangu, na pole sana kwa hao wanne. Nimesoma swali lako mara mbili na ninavyoona hofu yako kubwa ni kwamba kuna ugonjwa wa ngozi unasambaa bandani na usipoupatia dawa yake wote watakwisha. Kwa maelezo uliyonipa sidhani kama ni hivyo. Hapo kuna mambo mawili yamekutana. La kwanza ni la kawaida kabisa, vifaranga wa umri huo wako katikati ya kubadilisha manyoya na hawaendi sawa wote, la pili ni chakula na joto ulivyovipunguza wiki ya 3, muda ambao mwili wa kifaranga unavihitaji kuliko wakati mwingine wowote. La kwanza halihitaji dawa, la pili nalo halihitaji dawa ila linahitaji ubadilishe kitu leo leo.

Kabla hujaendelea kusoma naomba uende bandani mchana kukiwa na mwanga, ukamate mmoja wa hao walio uchi, umshike vizuri umpulizie mgongoni na kiunoni uangalie ngozi kwa karibu. Kama unaona vijiti vidogo vimechomoza kama sindano, rangi ya kijivu au bluu hivi kwa chini, vingine vimeshapasuka kwenye ncha na kutoa kibrashi, basi manyoya yanakuja na ngozi yake ni nzima. Kama unaona ngozi laini haina kitu kabisa, angalia tena kwa makini kama kuna visiki vya manyoya vilivyokatika au vidonda vyenye damu kavu, hiyo ni alama ya kudonoana. Na kama kuna magamba, ukoko, wadudu wanaokimbia ukifunua manyoya ya chini ya mkia au mayai meupe yameganda kwenye shina la unyoya, hapo tunazungumzia chawa na utitiri. Hayo mambo matatu ukiyatazama kwa mbali yanafanana, kuku yuko uchi basi, lakini ukimshika mkononi kila moja linajionyesha lenyewe. Fanya hivyo kwa kuku kumi hivi, usichukue mmoja ukaamua.

Sasa nikueleze kinachoendelea kwenye ngozi maana ukikielewa hutauziwa dawa usiyoihitaji.

Unyoya unatoka kwenye kitundu kidogo kwenye ngozi, na vitundu hivyo kifaranga anavipata akiwa bado ndani ya yai, akitotolewa haongezi vingine. Kwa hiyo kitundu kile kile kitatoa kwanza malaika, baadae unyoya wa utotoni, baadae mwingine, baadae wa ukubwani, na akiwa kuku mzima kila anaponyonyoka kinatoa mwingine tena. Yale malaika uliyoyaona siku ya kwanza hayadondoki yenyewe kama watu wanavyodhani, unyoya mpya unaota chini yake kwenye kitundu hicho hicho unayasukuma nje. Ndio maana ukiangalia ncha ya unyoya mpya wa kifaranga wa wiki 2 au 3 unakuta kama kijisufi kimening'inia pale juu, hayo ndo malaika ya zamani, yanaendelea kukaa hapo mpaka yakatike.

Unyoya unapochomoza unakuwa umefungwa ndani ya ala, kama jani changa la mgomba linavyotoka limejiviringisha halafu likafunguka polepole. Ndani ya ile ala kuna damu inatembea, inaleta chakula, na ndo sababu chini panaonekana bluu bluu. Kuku anapojichokonoa kwa mdomo anaipasua ile ala, inatoka kama mba, unyoya unafunguka. Hii mba wengi wakiiona wanasema ukurutu, inawezekana kabisa jirani yako ndicho alichokiona. Unyoya ukishamaliza kukua damu inarudi nyuma, shina linabaki tupu, kuanzia hapo unyoya ni kitu kikavu kama kucha, huwezi kuurutubisha tena wala kuurekebisha, ukiharibika unasubiri ung'oke utoke mwingine.

Sasa shika hilo la damu. Unyoya unajengwa na kinachopita kwenye damu siku ile ile. Karibu unyoya wote ni protini, tena protini ya aina inayotaka sana viini fulani vyenye salfa, methionini ndo kikubwa chake, na mahindi pamoja na pumba zake havina methionini na laisini, kiini kingine cha protini, ya kutosha kifaranga. Kwa hiyo siku ulipotoa stata ukaweka pumba, vitundu vyote vilivyokuwa vinatengeneza unyoya mgongoni na kiunoni vikapunguziwa malighafi wakati kazi inaendelea. Kuna kitu unaweza kukiangalia mwenyewe, chukua wale wenye manyoya mazuri, nyoosha bawa moja mbele ya mwanga, angalia manyoya makubwa kama kuna mstari mwembamba unaokatisha unyoya mzima kwa upana, sehemu iliyo dhaifu au angavu kuliko nyingine. Huo ni mstari wa njaa au wa shida nyingine iliyompata siku unyoya ulipokuwa unajengwa sehemu hiyo. Ukiukuta kwenye kuku wengi na uko sehemu ile ile ya unyoya, umepata jibu kwamba chakula kiliyumba au baridi iliwapiga, na hata hao wenye manyoya nao iliwapata.

Haya, kwa nini mgongoni na sio kwenye mabawa? Kwa sababu manyoya hayatoki mwili mzima kwa pamoja. Kwa kuku mabawa yanatangulia, mengine yameshachomoza siku ya kutotolewa au siku ya pili yake, afu unafuata mkia na mabega kwenye wiki ya 2, afu kifua na mapaja, mgongo na kiuno vinachelewa, shingo na kichwa na tumbo ndo mwisho mwisho. Kifaranga anayekula vizuri anakuwa amevaa koti lake la kwanza kamili kwenye wiki ya 5 au 6. Kwa hiyo wiki ya 3 mabawa ya vifaranga wako yalikuwa yameshapata sehemu yao wakati stata bado ipo, mgongo ukakutana na pumba. Ukisikia mtu anasema kuku wake "wana mabawa marefu mwili uchi" mara nyingi habari ni hiyo.

Na ujue pia hata kuku mzima mwenye afya ana sehemu zisizo na manyoya. Yanaota kwa mistari, katikati ya mistari kuna ngozi tupu inayofunikwa na manyoya ya jirani. Ukimfunua chini ya bawa au pembeni ya kifua utakuta upara, huo usiutafutie dawa.

Sasa hili la nusu wamevaa nusu wako uchi. Angalia panga za vichwani. Kwa chotara wa wiki 5 wanaume wengi upanga umeshaanza kuwa mkubwa na mwekundu kidogo kuliko wa kike. Ukikuta wengi wa walio uchi ndo wenye upanga mkubwa basi sehemu kubwa ya fumbo lako imeisha, ni mapora, yaani majogoo wachanga. Vifaranga wa kiume kwa kawaida wanachelewa kuota manyoya kuliko wa kike, tena kwa kuwa mwili wao unakua haraka zaidi ngozi inakuwa kubwa na manyoya yanakuwa bado, mgongo unabaki wazi. Kuna na suala la urithi hapo. Kuku wana jeni, yaani chembe ya urithi, inayochelewesha manyoya, iko kwenye kromosomu ya jinsia, ule uzi wa urithi unaoamua jike au dume, na watotoleshaji wakubwa wanaitumia kwa makusudi, wanapandisha jogoo wa ukoo unaoota manyoya haraka kwa mitetea ya ukoo unaochelewa, watoto wa kiume wote wanatoka wachelewaji na wa kike wote wanatoka wawahi. Hapo siku ya kwanza wanafungua bawa tu wanaangalia urefu wa manyoya wanajua huyu jike huyu dume. Kwa chotara wako siwezi kusema wazazi walipandishwaje kwa hiyo usitumie bawa kuchagua jinsia, tumia upanga na subiri, ila kuchelewa kwa wanaume utakuona kwenye karibu kila kundi.

Wewe umewanunua wakiwa na malaika wote wanafanana, ndo maana tofauti imekushtua. Na itakushtua tena kwa hiyo nakuambia mapema, kuanzia wiki ya 7 au 8 hivi hata hawa waliovaa vizuri wataanza kudondosha yale manyoya ya utotoni wakivaa mengine, wanaendelea hivyo mpaka karibu miezi mitatu, halafu kuna raundi nyingine inayowapeleka mpaka wanapokaribia kutaga ndo wanavaa ya ukubwani. Kwa hiyo vinyoya sakafuni utaviona miezi mingi, na peke yake sio dalili ya ugonjwa. Tena kama kuku hawana kasoro nyingine, sakafu yenye vinyoya inanipa imani kuliko sakafu isiyo na unyoya hata mmoja wakati kuku wako uchi, kwa sababu hapo maana yake wanaokotana na kula, na kuku anayekula manyoya ya wenzake anatafuta kitu ambacho chakula hakimpi.

Hapo naingia kwenye kudonoana maana nina wasiwasi nako kwako kuliko ukurutu. Ile sindano mpya ina damu, ikidonolewa inatoka damu, damu ikionekana wote wanakuja, kidonda kinakuwa kikubwa na hapo hata kifo kinatokea ndani ya saa chache. Ukikuta mwenye kidonda mtoe mweke peke yake leo hii, mpake ile dawa ya zambarau ya GV inasaidia kuficha rangi nyekundu, asirudi mpaka pakauke. Punguza mwanga mkali bandani, wape nafasi, kwa umri huo wasizidi kama 10 kwenye mita moja ya mraba, wafungie mchicha au majani ya kabichi juu kidogo wawe na kitu cha kudonoa. Ila hivyo vyote ni vya kusaidia tu, protini ikiwa chini wataendelea.

Kwa hiyo chakula. Nakushauri kwa moyo wote urudishe stata mpaka wiki ya 8. Najua bei imepanda na sio mimi ninayelipa, lakini fikiria hivi, kuku 60 wa umri huo wanakula kama kilo 3 kwa siku, umeshapoteza wanne, na hao waliobaki ukiwaacha na pumba watachelewa uzito wiki nyingi, pumba utakayowalisha kwa muda huo wa ziada nayo ni hela. Kama kweli haiwezekani kununua mfuko mzima basi changanya mwenyewe lakini changanya chakula sio pumba na matumaini. Kwa kilo 10 chukua kilo 6 za mahindi yaliyoparazwa na pumba nusu kwa nusu, kilo 2 za mashudu ya alizeti, kilo 1 ya dagaa, gramu 800 za soya, iliyobaki iwe unga wa mifupa na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na chumvi gramu 30 hivi. Hapo unapata protini kama asilimia 19 au 20 ambayo ndo kiasi cha stata. Soya lazima ikaangwe kwanza, mbichi ina kitu kinachozuia kuku asimeng'enye protini. Dagaa nunua wasio na mchanga, wale wa kufagia chini nusu yake ni mchanga na hesabu yote niliyokupa inaanguka, na wasiwe wa chumvi maana chumvi nyingi inaua vifaranga haraka sana, ukiwa na wasiwasi onja kidogo, ukikuta wana chumvi kali waache kabisa. Hii ya kuchanganya inafanya kazi ila haitakuwa sawa sawa kila siku kama stata nzuri, hilo nakuambia ukweli.

Na kama bado mkono ni mfupi, kuna njia ya wazee. Mchwa. Chungu kikuukuu ukakijaza mabua na samadi kavu ukanyunyiza maji ukakigeuza juu ya njia ya mchwa jioni, asubuhi unafunua unawapa vifaranga. Ni protini nzuri kweli kweli, haitoshi kuwa chakula kizima lakini kwa kuku 56 inapunguza pengo. Usichukue tu kwenye eneo ambalo watu wamepiga sumu ya mchwa.

Hizo vitamini ulizonunua malizia ukitaka, hazina ubaya, ila ujue unyoya haujengwi na vitamini peke yake, kama protini haipo vitamini inakosa cha kufanyia kazi. OTC hiyo naomba uache sasa kama hakuna mtaalamu aliyekuambia ina kazi gani. Ni antibayotiki, inaua bakteria, haioteshi unyoya, na ukiizoesha bila sababu siku mdudu wa kweli akija dawa itakuwa haimfanyi kitu, na hii inawagusa hata watu maana bakteria wa kuku na wetu sio kwamba wanaishi dunia mbili.

Oili chafu usipake kabisa. Hii nimeiona inapendekezwa sehemu nyingi na inaniuma kila mara. Kuku anajisafisha kwa mdomo kwa hiyo oili yote inaishia tumboni, ina mabaki ya vyuma kutoka kwenye injini, inaziba na kushikamanisha yale manyoya machache aliyonayo yanashindwa kushika joto, na kwa ngozi iliyo wazi inapenya. Kuku wako uchi, wako Makambako, halafu uwaloweshe mafuta, utawapoteza kwa baridi usiku huo huo. Kama utakuta chawa au utitiri kweli basi dawa yake ipo, nunua ya unga ya wadudu wa kuku duka la mifugo, soma kwanza kama inaruhusiwa kwa vifaranga wa umri huo, paka chini ya mabawa na kuzunguka mkia, toa matandiko yote uyachome, rudia kwa muda ulioandikwa maana mayai yanaanguliwa baadae. Na wawekee sehemu ya kuoga vumbi, majivu ya kuni yaliyopoa na mchanga mkavu, hiyo wanaipenda na inapunguza wadudu bila gharama.

Sasa wale wanne wa kwenye kona. Kwa uzoefu wa kazi hii, vifaranga kufia kona moja usiku mara nyingi ni kulaliana kwa baridi, wanapandana kutafuta joto wa chini wanakosa hewa. Malaika yanashika joto kidogo sana, kifaranga anajitegemea kwa joto pale manyoya yake yanapofunika mwili. Utaratibu ni wiki ya kwanza nyuzi 32 mpaka 35, halafu unashusha kama 3 kila wiki, kwa hiyo wiki ya 3 ulipozima mkaa walikuwa bado wanataka nyuzi kama 27, na hata sasa wiki ya 5 wanataka kama 21. Usiku wa huko kwenu unashuka mbali sana chini ya hapo. Tena kalenda ya joto ni ya kuku aliyevaa, huyu aliye uchi mgongoni mhesabu kama ana wiki 3 hata kama umri wake ni 5.

Rudisha joto usiku mpaka migongo ifunike. Kama mkaa ni ghali punguza ukubwa wa sehemu ya kulala, weka dari ya chini ya boksi au magunia juu yao, matandiko ya pumba za mpunga au maranda yawe mazito na makavu, pembe zote za banda uzizibe kwa maboksi ziwe za mviringo wasipate pa kujibana, na uwagawe makundi ya 20 hivi. Jiko la mkaa liwashie nje mpaka moshi uishe ndo uingize, na uache hewa ipite juu, moshi wa mkaa usioonekana unaua vifaranga na unaua na mtu. Kisha usiku nenda uwaangalie, wakiwa wamesambaa wametulia joto ni sawa, wamelundikana ni baridi, wamekaa mbali na jiko wameachama midomo limezidi. Kipimajoto ni kizuri ila wenyewe wanaonyesha vizuri zaidi.

Ukifanya haya mawili, chakula na joto, baada ya siku 7 hadi 10 unatakiwa kuona sindano migongoni, na wiki 3 mbele wengi wawe wamefunika. Mapora machache yatachelewa zaidi ya hapo, yavumilie.

Rangi sasa. Hujaibiwa kwa sababu ya rangi. Malaika yana rangi yake, koti la kwanza lina rangi yake, la ukubwani lina yake, na chotara ndo kabisa maana amebeba urithi wa pande mbili. Wa njano anaweza kuishia mweupe, mwekundu au wa madoa. Kwenye miezi mitatu utaona mapora yanaanza kutoa manyoya membamba ya kung'aa yenye ncha kali shingoni na kiunoni, na mitetea inatoa ya ncha za mviringo. Hiyo tofauti inaletwa na homoni ya kike, mtetea asipokuwa nayo anavaa kama jogoo. Kuna mitetea mizee ambayo mfuko wa mayai umeharibika ikanyonyoka ikaota manyoya ya jogoo na hata kuwika, watu huku kwetu wanamchinja siku hiyo hiyo wakisema ni uchuro, kumbe ni homoni imeisha. Na ukiwa na kishingo kwenye kundi usimsubiri aote manyoya shingoni, amezaliwa hivyo, ana manyoya machache mwili mzima na kwenye joto inamsaidia, ila kwa baridi ya kwenu mlinde. Kama unataka kujua mbegu ni nzuri pima uzito na utagaji baadae, rangi ya wiki 5 haikuambii.

Sasa ni wakati gani uache kusoma majibu yangu umwite mtu aje. Mwite afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo ukiona kinyesi chenye damu, au wamejikunyata manyoya yamesimama mabawa yameshuka hawali, au shingo zinapinda na miguu inapooza, au uvimbe na vipele usoni na kwenye upanga, au vifo vinaendelea baada ya kurudisha joto. Kumbuka kuku kuvimbisha manyoya na kuku kukosa manyoya ni mambo tofauti, la kwanza ni dalili ya mgonjwa na inaweza kuwa magonjwa kama koksidia, gumboro, hata mdondo. Akifa mwingine na huoni alama ya kulaliana, usimtupe, mfunge kwenye mifuko miwili, mweke kwenye ubaridi bila kumgandisha, umpeleke kwa daktari wa mifugo mapema apasuliwe aangaliwe ndani. Maabara ya kanda ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, ipo Iringa, sio mbali sana na wewe. Na kama hujawapa chanjo ya mdondo muulize huyo afisa kuhusu ile ya matone ya jichoni ya I-2, inarudiwa kila miezi 3. Vilevile kama migongo ikifika wiki ya 9 au 10 ngozi bado laini haina hata sindano moja na chakula umekirekebisha, hapo nakubali kuna kitu kingine na anatakiwa mtu awashike.

La mwisho la kukata mabawa, usikate sasa. Manyoya ya bawa kwa umri huu mengine bado yana damu ndani, ukipitisha mkasi inatoka damu na kwenye kundi linalodonoana umewasha moto. Halafu hata ukikata usipotoa damu ni kazi bure, kuanzia wiki ya 7 hivi yale makubwa ya bawa yanaanza kubadilishwa moja moja, linaanza la ndani karibu na katikati ya bawa kuelekea nje, kwa hiyo ndani ya wiki chache wataruka tena. Na usiyang'oe, ukikata unyoya unakaa hivyo hivyo mpaka wakati wake wa kunyonyoka, ukiung'oa kitundu kinaanza kutengeneza mwingine mara moja. Kwa sasa ongeza wavu juu ya uzio. Wakifika karibu miezi mitano, nyoosha bawa uangalie mashina, yakiwa meupe na matupu mpaka chini kata manyoya marefu ya mbele ya bawa moja tu, acha lile lingine.